Mgeni Mpe Jembe: Freretown, Rabai na Suala la Kumpokea Mkimbizi, 1874–1907

Utangulizi

Methali mashuhuri ya Waswahili yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkanya mgeni mvivu, yule anayekaa barazani akingoja sinia huku wenyeji wake wakitoka jasho. Lakini tukiichunguza kwa makini, twaona kwamba kitenzi chake cha amri hakielekezwi kwa mgeni hata kidogo. Haisemwi alime, wala haisemwi aondoke. Yasemwa mpe. Anayeamrishwa ni mwenyeji, naye ameamrishwa kutoa. Tena jembe halilimi hewani. Anayempa mgeni jembe hana budi kumwonyesha na mahali pa kulitia.

Nia ya makala haya ni kuipima methali hiyo kwa kisa kimoja cha pwani ya Kenya, nacho ni kisa cha watu waliookolewa utumwani, na wengine waliojiokoa wenyewe, wakakimbilia Freretown na Rabai kati ya mwaka 1874 na 1907. Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi kama sura ya historia ya kanisa au ya dola ya Kiingereza. Hapa twataka kukitazama kwa jicho jingine: watu waliopoteza kwao waliyajengaje maisha mapya ugenini, na ni wenyeji wa namna gani waliowafaa?

Watu wasio na pa kurudi

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, baada ya ujumbe ulioongozwa na Sir Bartle Frere. Kwa mkataba huo masoko ya watumwa yalifungwa, na biashara ya kuwasafirisha watumwa baharini ikapigwa marufuku. Yafaa tukumbuke kwamba utumwa wenyewe haukukomeshwa. Aliyekuwa na watumwa shambani aliendelea kuwa nao. Kilichokatazwa ni kuwauza sokoni na kuwapakia majahazini.

Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi hayo, lilizuka suala gumu. Watu waliomo wapelekwe wapi? Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua, na watu wa pande za Ziwa Nyasa, waliotekwa wakiwa wadogo. Kuwarudisha makwao kulimaanisha kuwapitisha tena katika njia zile zile za misafara zilizowaleta pwani. Kabla ya hapo waliookolewa walikuwa wakipelekwa Aden, Bombay, Mauritius na Shelisheli. Huko India, chama cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, CMS, kilikuwa na makao ya Waafrika karibu na Nasik, na vijana waliolelewa hapo walifundishwa ufundi, Kiingereza na dini.

Msimamizi wa zamani wa makao hayo, William Salter Price, ndiye aliyetumwa Mombasa. Aliwasili Novemba 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi ya bara ya Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Mahali hapo pakaitwa Freretown, kwa jina la yule mjumbe wa Kiingereza. Mwezi wa Septemba 1875 manowari zilianza kuwateremsha watu hapo. Walikuwa hawana mzazi, hawana ukoo, hawana mali, na wengi wao hawakuielewa lugha ya mji uliokuwa mbele yao.

Freretown haikuwa peke yake. Mapadri wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na kijiji chake Mbweni, Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliliongoza kundi la watu wa Mbweni waliotaka kurudi bara. Walipofika Masasi, wakakaa hapo. Lakini Freretown na Rabai zina funzo lao la pekee, kwa kuwa zilizungukwa na mashamba ambamo utumwa ulikuwa halali bado.

Majina ya wageni

Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapa bila kuyasikiliza majina. Wale walioletwa na manowari waliitwa mateka. Neno hili latokana na kitenzi teka, na maana yake ni watu au mali iliyopatikana kwa nguvu, vitani au katika uvamizi. Tazama ajabu yake: mtu ametolewa katika mikono ya waliomteka, ameambiwa kwamba sasa yu huru, na bado jina analoitwa lataja kule kutekwa kwake. Aliyemteka amebadilika, jina halikubadilika.

Kundi la pili ni watoro. Hawa hawakuokolewa na mtu. Waliyahama mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi kwa miguu yao wenyewe, wakajificha nyika au wakakimbilia Rabai. Jina lao latokana na toroka, nalo ni neno la bwana, si lao. Mtu huwa mtoro kwa yule anayedai kwamba alipaswa kukaa. Huko alikofika, mtu huyo huyo angeweza kuitwa mgeni. Lakini sheria na desturi ya mji ilimpa jina la kosa kabla hajafungua kinywa.

Kundi la tatu ni Waafrika wa Bombay, wale waliorudi kutoka Nasik. Hawa walijua Kiingereza, walijua uhunzi, useremala na ualimu, na walivaa kama Wazungu. Wao nao walikuwa watoto wa majahazi, lakini miaka mingi ya India ilikuwa imewafanya wageni wa bara lao wenyewe. Baina yao na mateka palikuwa na umbali wa lugha, mavazi na cheo. Watu wa mji hawakujali tofauti hizo sana. Kwao wote walikuwa Wamisheni, watu wa misheni, yaani watu waliotambulishwa na mlezi wao badala ya ukoo wao.

Twaona basi kwamba hakuna hata jina moja kati ya haya lililochaguliwa na mwenye jina. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ukimbizi katika nchi yoyote: wengine ndio wanaokueleza wewe ni nani.

Jembe bila shamba

Haiwezi kukanushwa kwamba Freretown iliokoa maisha. Watu walipewa chakula, nguo, dawa na mahali pa kulala. Watoto walitiwa shuleni. Kengele kubwa ilitundikwa, na wazee wa Kisauni husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu wateka watumwa walipoonekana. Mnara wa kengele hiyo ungali umesimama, na mtaa wenyewe waitwa Kengeleni hadi leo. Pia waliokaa Freretown walipewa vishamba vya kulima, kama methali ilivyoagiza.

Lakini ardhi yenyewe ilikuwa ya misheni. Aliyelima alilima kwa idhini, akakaa kwa idhini, na idhini yaweza kuondolewa. Misheni ilikuwa mwenye nyumba, mwajiri, mwalimu, hakimu na askari kwa wakati mmoja. Mtu aliyekosana na mkuu wa kazi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, maana nje ya mpaka kulikuwa na mabwana waliosubiri.

Madhara ya hali hiyo hayakukawia. Katika miaka ya mwisho ya 1870 Freretown ilisimamiwa na Mwingereza aliyeitwa J. R. Streeter, ambaye aliamini kwamba watu waliotoka utumwani hawawezi kutunzwa ila kwa ukali. Watu walipigwa mijeledi na kufungwa. Habari hizo zilipoenea, uchunguzi ulifanywa mwaka 1881, Streeter akaondoka, na Price akaitwa arudi kutengeneza mambo. Hatupaswi kulisoma tukio hili kama ubaya wa mtu mmoja tu. Mahali popote ambapo mkimbizi anapokea kila kitu kutoka mkono mmoja, mkono huo huo waweza kushika kiboko, na hakuna wa kuuzuia.

Ndipo tunapoielewa vizuri zaidi methali yetu. Mgeni wa Freretown alipewa jembe kabla hata ya siku ya tatu. Alichonyimwa ni shamba aliloweza kuliita lake, na neno lenye uzito katika shauri la kijiji. Kwa hiyo uhuru wake ulibaki kama nguo ya kuazima, aliyeivaa akijua kwamba mwenyewe yupo.

Mwenyeji aliyewahi kuwa mgeni

Maili chache kutoka hapo, Rabai, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kituo cha Rabai kilianzishwa na Ludwig Krapf na Johannes Rebmann mwaka 1846. Mwaka 1864 waliwasili hapo Waafrika watatu kutoka Nasik: George David, Ishmael Semler na William Jones. Jones alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Katika miaka ya 1880 yeye ndiye aliyekuwa na madaraka ya Rabai kwa muda mrefu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimbariki pamoja na Semler kuwa mashemasi, na katika mwaka huo huo Jones akafuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba; Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia.

Msimamo rasmi wa misheni kuhusu watoro ulikuwa wa woga, na woga huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1880 watu wa mji walikuwa wametishia kuivamia Freretown kwa ajili ya watumwa waliokimbilia huko, na maofisa wa Kiingereza waliwaonya wamisionari wasiwapokee. Hata hivyo, idadi ya watoro wa Rabai ilizidi kuongezeka mwaka hata mwaka. Walijenga, wakalima, wakaoa, wakachanganyika na Warabai na watu wengine wa nyika. Jones aliwajua na aliwaacha wakae. Mtu aliyewahi kuuzwa hakuona namna ya kumwambia mwenzake arudi kwa bwana.

Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alikuta kwamba watoro waliokuwa katika vituo vya misheni walipata 1,400. Kwa kuhofia machafuko ambayo yangeiharibia Kampuni kazi yake, alikubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Siku hiyo imesifiwa sana, na haki yake isifiwe. Lakini tuangalie fedha zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa mabwana. Aliyelimishwa bila ujira miaka kumi alipewa karatasi. Aliyemlimisha alipewa dola. Mwaka 1907, sheria ilipoufuta utumwa katika himaya yote ya Kiingereza ya nchi hii, kanuni ilikuwa ile ile: fidia kwa aliyemiliki, wala si kwa aliyemilikiwa. Watumwa wa jana walitoka na uhuru wao, na wengi wao wakabaki maskwota juu ya ardhi waliyoilima maisha yao yote.

Jones hakuwa peke yake katika wema wa namna hii. Kaskazini, Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa jina la Simba, alifukuzwa Pate na Siyu akaenda kujijengea mji mwituni. Yeye naye aliwapokea watoro. Hatukusudii kusema kwamba alifanya hivyo kwa huruma tupu. Alihitaji watu wa kulima na wa kushika silaha. Lakini hapo ndipo penye jambo. Waliokwenda Witu walihitajiwa, na aliyehitajiwa ana neno la kusema. Na huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro na Wagiriama Wakristo walianzisha kijiji chao wenyewe bila mlezi wa Kizungu. Mmoja wa viongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883 na watu wa mabwana. Bei ya kujitegemea ilikuwa ghali, na waliichagua wakiijua.

Tukiviweka visa hivi bega kwa bega, twaona mwelekeo mmoja. Mwenyeji aliyekuwa na kila kitu alitoa chakula, akaweka amri. Mwenyeji aliyewahi kuwa mgeni aliwapa wageni nafasi, akawaacha wafanye mengine wenyewe.

Lugha na kizazi cha pili

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa idara kama yetu haliwezi kuwekwa kando. Watu wa Freretown walitoka katika makabila mengi, na hapana lugha moja ya kwao iliyoweza kuwaunganisha. Lugha hizo hazikupotea zote kimyakimya. Rebmann, alipokuwa Rabai, alikaa na mtumwa mmoja kutoka pande za Nyasa, jina lake Salimini, akaandika maneno ya lugha yake; kazi hiyo ilitoka mwaka 1877 kama kamusi ya Kinyasa. Rebmann mwenyewe hakuwahi kufika Nyasa. Ukimbizi una thawabu zake za ajabu: kamusi ya lugha ya ziwani iliandikwa kwenye kilima cha Warabai, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakuiona tena nchi yake.

Lakini lugha ya kuishi ikawa Kiswahili. Mateka walijifunza Kiswahili ili waelewane wao kwa wao, kabla hata ya kuelewana na mji. Hapo tena twaona tofauti ya kupewa na kujipatia. Kiingereza kilitolewa na shule, kwa kipimo cha shule. Kiswahili kilichukuliwa na watu wenyewe sokoni, shambani na kisimani, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Ni kweli kwamba waungwana wa Mombasa hawakuwa tayari kumwita mtu Mswahili kwa sababu tu amejua kusema. Hata hivyo, watoto waliozaliwa Freretown hawakuwa na lugha nyingine ya kuotea ndoto.

Miongoni mwa watoto hao alikuwa James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamebishana kama kitabu hicho ni riwaya au ni historia, na wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwatia Waarabu wote katika kapu moja. Lawama hizo zina haki, na msomaji wa pwani ana sababu ya kuumizwa na kurasa kadhaa. Lakini tusisahau jambo lililo kubwa zaidi. Mwana wa mateka alikaa akaandika habari za wazazi wake kwa Kiswahili sanifu, zikasomwa shuleni katika Afrika ya Mashariki nzima. Watu waliokuwa wakielezwa na wengine walianza kujieleza. Na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliyefariki mwaka 2025, aliwauliza Wakenya kwa miaka mingi katika kipindi chake kama matendo yao ni ya kiungwana. Mjukuu wa watu walionyimwa jina la uungwana ndiye aliyekuwa akiwapima wengine kwa neno hilo, na taifa zima likamsikiliza.

Kizazi hicho cha pili kilitoa pia walimu, makarani, mafundi na makasisi. Chuo cha theolojia kilichoanzia Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Watu waliopokewa walikuwa wamegeuka kuwa wenye kupokea wanafunzi.

Hitimisho

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mgeni ng'ambo, kwa miaka miwili ya masomo, na hali yake haiwezi kulinganishwa na ya watu tuliowataja, kwa kuwa alikuwa na pasipoti na tikiti ya kurudi. Hata hivyo anakumbuka jambo moja. Alipewa blanketi, alipewa ramani ya mji, alialikwa chakula, akashukuru. Lakini siku aliyoacha kujiona mgeni ni siku ambayo jirani yake mzee alibisha hodi kumwomba amsaidie kubeba kabati.

Nchi yetu ina wageni wengi leo. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, na wapo watu wazima waliozaliwa humo wasioijua nchi nyingine. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani walikaa miaka mingi bila uraia, mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, vyasema kwamba kambi zigeuzwe kuwa makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji wataishi pamoja. Neno shirika limechaguliwa vizuri. Laweza kuwa kweli, na laweza kuwa jina jingine juu ya mlango ule ule.

Historia ya Freretown na Rabai yatupa kipimo cha kuujaribu mpango wa namna hiyo. Tuulize: shamba ni la nani? Mgeni akidhulumiwa, ana mlango wa pili wa kubisha? Ana kazi ambayo wenyeji wanaihitaji? Wanawe wanasoma kwa lugha ya majirani, nao wana ruhusa ya kujieleza kwa majina yao wenyewe? Palipo na majibu mema kwa maswali haya, mgeni hatahitaji kuhimizwa kulima. Na pasipo na majibu, tusimlaumu akikaa barazani na jembe lake mkononi, maana methali haikumwamrisha yeye. Ilituamrisha sisi.